Mkono Mtupu

Nikishafunga hesabu za siku, floti, yaani salio la wakala la kwenye simu, ikijumlishwa na pesa taslimu ya kwenye droo ikatimia mtaji wangu, nashusha dirisha la kibanda, naacha taa moja ya sola, kisha natandika kipande cha mkeka juu ya meza. Mkeka huo ni wa kumeza mlio. Sarafu ya shilingi 500 ya Uganda ikianguka juu ya ubao mtupu usiku inasikika mpaka chumba cha nyuma wanakolala watoto wa mwenye nyumba, na mimi huiangusha mara ishirini au thelathini kabla sijaenda kulala.

Ninachofanya ni kitu kimoja tu. Naishika sarafu kwa ncha za vidole vya mkono wa kulia, naiweka katikati ya kiganja cha kushoto, naufumba mkono wa kushoto, naupeleka mbele kidogo, naufumbua. Sarafu haimo. Huu ni mwezi wa kumi na nne nafanya hicho hicho, na bado kuna siku kinakataa kabisa.

Watu wa hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, wamekwisha niuliza, mwanamke mzima, wakala wa pesa za simu, mwenye watoto wanaosoma, ana kazi gani na mazingaombwe. Jibu langu haliwezi kutolewa dirishani huku foleni inasubiri, kwa hiyo nalitoa hapa.

Mwaka 2008 nilikuwa Senior Three, yaani kidato cha tatu. Mama alinipa shilingi 40,000 za kumalizia ada, noti zimekunjwa ndani ya bahasha ya kaki, nikapanda teksi, ile basi ndogo ya abiria yenye kondakta, mpaka Kampala, karibu kilomita 200 kutoka hapa, ili nikabadilishe gari la kwenda shuleni. Pembeni ya paki ya teksi vijana walikuwa wamezunguka kibao. Juu ya kibao vifuniko vitatu vya chupa na kipande cha sponji kilichoviringishwa kikawa kama punje ya hindi. Mmoja anasogeza vifuniko, mwingine anaonyesha kidole, anakula pesa. Nilisimama kuangalia. Michezo mitano, sita, na kila mara nilijua kilipo. Sikuwa nabahatisha, nilikiona kikiingia chini ya kifuniko kwa macho yangu. Nikaweka 5,000, nikala. Nikaweka 10,000, nikaliwa. Noti ya mwisho niliiweka nikiwa na uhakika kuliko zote zilizotangulia. Kifuniko kikainuliwa, chini hakuna kitu.

Muhula ule nilikaa nyumbani. Mama hakunipiga. Aliniuliza swali moja tu: "Ulikuwa unaangalia wapi?" Nikamjibu kweli, "Nilikuwa naangalia hapo hapo, mama." Hakuniamini. Kwake, mtu anayeangalia haibiwi, anaibiwa aliyegeuza shingo. Na mimi kwa miaka mingi nikakubali kwamba lazima niligeuza shingo mahali fulani, kwamba nililala huku nimefumbua macho. Hilo liliniuma kuliko pesa zenyewe.

Kisha akaja utingo mmoja, kijana wa lori lililotoka Mombasa. Mpakani hapa malori yanakaa, na mtu wa lori akikaa anatafuta mahali penye kivuli na chaji ya simu. Alikuwa anatoa pesa, mtandao ukawa unasuasua, ujumbe wa kuthibitisha hauji. Akachukua shilingi 500 iliyokuwa juu ya kaunta yangu, akaiweka mkononi, akapuliza, akafungua mkono. Hakuna. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia tena, akakataa. Alichofanya badala yake ni kufumbua ule mkono mwingine, wa kulia, uliokuwa umelala kwenye kaunta muda wote kama mkono wa mtu aliyechoka. Sarafu ilikuwa imekaa ndani ya vidole.

"Dada, haijatoka hapa," akasema. "Haikuwahi kutoka."

Ujumbe ukaingia, nikamhesabia pesa zake, akaenda. Nikabaki nimeshika kaunta. Niliona sarafu ikiingia katika mkono wa kushoto, ningeweza kuapa kwa msahafu. Na haikuwahi kutoka. Ile bahasha ya kaki ikanirudia mbele ya macho.

Kiswahili kina neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote bila kulisikiliza: kiinimacho. Kiini cha jicho ni ile mboni nyeusi ya katikati. Ukisema mazingaombwe unamtaja mchezaji na vitimbi vyake. Ukisema kiinimacho umemtaja mtazamaji, umeonyesha kidole kwenye jicho lake na kusema jambo limetokea humo. Sijui neno jingine linalosema jambo hili sawasawa kama hilo.

Basi nikaanza kujifunza. Walimu wangu walikuwa video za kwenye simu, na bando zake si bei ya mchezo. Tatizo la kwanza likawa ukubwa wa sarafu. Wengi wa walimu hao wanatumia nusu dola ya Marekani, sarafu pana ya zaidi ya milimita 30. Nilichukua rula ya binti yangu nikapima zetu. Ile ya 500, yenye korongo mwenye taji kichwani, ina milimita 23 na nusu. Ya 100, yenye ng'ombe wa Ankole na pembe zake, inafika 27. Upana huo wa wenzetu ndio unaoshikilia sarafu katikati ya kiganja, misuli ya pande mbili ikiibana kwenye kingo, vidole vikabaki vimenyooka. Kwa mia tano yetu nilijaribu wiki tatu, ikawa inadondoka kama embe lililoiva. Ni nene na nzito, lakini ni ndogo, kiganja hakina pa kuiuma.

Nikakumbuka senti kumi ya bibi. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ile sarafu ya shaba ya enzi za Waingereza, ya mwaka 1942, yenye tundu katikati na pembe za ndovu ubavuni mwa tundu. Aliifunga kwenye pindo la khanga pamoja na pesa za kweli, wala hakuwahi kuitumia, kwani hata mimi nazaliwa ilikuwa haina duka linaloipokea. Ile ni pana, karibu sawa na nusu dola. Kiganja kiliipokea kama kilikuwa kinaisubiri. Mwezi mzima nilifanya mazoezi nayo, nikafurahi, nikamwonyesha binti yangu. Akasema, "Mama, hiyo pesa gani?" Macho yake yote yakabaki kwenye sarafu, hakujali ilikokwenda. Hapo nikajua kwamba kitu kigeni kinaanza kutiliwa shaka kabla hujafanya lolote. Sarafu ya kupotea ni ile ambayo mtu ameishika asubuhi akinunua chapati. Nikairudisha senti kumi kwenye kitambaa chake, nikarudi kwa korongo.

Busia ina neema yake katika hili, kwa sababu mfuko wa mtu wa mpakani una wanyama wa nchi mbili. Shilingi 20 ya Kenya, yale matoleo ya tangu 2018, ina tembo. Ya 10 ina simba. Ya 200 yetu ina samaki. Naweza kufanya kwa yoyote, lakini mkono wangu umezoea 500 na hapo nimetulia.

Jibu la sarafu ndogo lilikuwa siku zote mbele yangu, ndani ya kila teksi niliyowahi kupanda. Mwangalie kondakta. Sarafu zimelala kwenye mashina ya kidole cha kati na cha pete, vidole vimejikunja kidogo tu. Noti zimepangwa kati ya vidole vingine. Kwa mkono huo huo anagonga bati la gari, anaonyesha kituo, anamshika abiria bega ashuke, anajikuna shingo. Hakuna sarafu inayoanguka, na hakuna abiria anayesema "kondakta ameficha kitu", kwa sababu mkono unafanya kazi zake. Wachezaji wakubwa wa sarafu wanaandikiana kurasa nyingi juu ya mkao huo. Makondakta wa Busia kwenda Tororo wanao bila mwalimu. Nilianza kukaa kiti cha nyuma ya mlango kwa makusudi, macho yakiwa kwenye vidole vyao, mpaka mmoja akaniuliza kama nadai chenji.

Mwendo wenyewe uko hivi. Sarafu nimeibana ukingoni kwa gumba upande mmoja na kidole cha shahada na cha kati upande wa pili, uso wake wote unaonekana, unameta. Naigusisha kiganja cha kushoto, na kweli inagusa, ubaridi wake nausikia. Vidole vya kushoto vinaanza kujikunja kuanzia kidole cha mwisho. Vikishafika mahali pa kuifunika, ndani ya kivuli hicho gumba la kulia linaivuta sarafu nyuma, inateleza juu ya vidole vyangu na kulala pale pa kondakta. Mkono wa kulia unaondoka. Jicho la anayetazama linabaki na ule mmeto wa mwisho, kama taa inavyobaki kwenye jicho ukishaizima, na kwa mmeto huo anaapa kwamba sarafu imo.

Kuandika ni rahisi. Gumba likichelewa, ukingo wa sarafu unachungulia. Likiwahi, mtu anaona kiganja kikiwa kitupu kabla hakijafumba. Mwendo wote ni mrefu kama kupepesa jicho mara moja. Na nilipofika hapo, baada ya miezi mitatu hivi, nikadhani nimemaliza.

Aliyenionyesha kwamba sijaanza ni jirani yangu wa kibanda cha kushoto, anayeuza mukene, dagaa wa ziwani. Ni mama wa makamo, namwita shangazi ingawa hatuna udugu wa damu. Mchana mmoja hakukuwa na mteja, nikamfanyia. Hakuangalia mkono wa kulia hata kidogo. Aliutazama ule wa kushoto, akapiga kope moja ya kutojali, akasema, "Huko hakuna kitu."

"Umejuaje, shangazi?"

"Mkono wako umekufa."

Akafuta vidole kwenye aproni, akachukua sarafu yangu, akaifumba kwenye mkono wake wa kushoto na kuniletea ngumi usoni niione. Niliiangalia kama mtu anayesoma mkataba. Kidole cha shahada kilikuwa kimejilaza juu ya kingine, si bapa. Gumba limeegemea, halikubana. Kati ya kiganja na vidole kulikuwa na nafasi, chumba kidogo cha mgeni aliyemo. Kifundo cha mkono kimeinama kidogo sana, kwa uzito ambao hata mizani yake ya mukene isingeusoma, lakini jicho linausoma. Kisha akarudisha sarafu mezani na kufumba mkono ule ule bila kitu. Hata yeye, mtu mzima aliyeshika pesa miaka thelathini, mkono wake ukabadilika. Ukakaza. Tukaangaliana. "Umeona?" akasema. "Mkono mtupu haulambwi."

Methali ile nimeisikia tangu utotoni na nilikuwa naielewa kama kila mtu: usiende kwa watu mikono mitupu. Siku ile ilinipa kazi ya miezi saba.

Miezi mitatu nilikuwa nimeufundisha mkono wenye sarafu kuficha. Ule usio na kitu sikuwa nimeufundisha lolote, na ndio unaotazamwa. Ndio wenye kazi. Wa kulia unatakiwa kusahauliwa tu, na kusahauliwa si kazi ngumu ukishaacha woga. Wa kushoto unatakiwa ubebe kitu ambacho hakimo, na kila kiungo chake kiamini.

Kwa hiyo mazoezi yangu yakageuka. Nikawa naweka sarafu kweli. Mara ishirini naiweka kwenye kiganja cha kushoto, nafumba, napeleka mbele, nafumbua, imo. Hakuna ujanja wowote. Natazama tu mkono wangu unafanya nini wenyewe usipoambiwa kitu: bega linainuka kiasi gani, kiwiko kinakwenda wapi, pumzi naivuta lini. Mara ya ishirini na moja naiba. Na papo hapo mwili unajua kuna wizi. Bega linapanda. Kiwiko cha kulia kinajibana ubavuni kama cha mtu aliyebeba kitu cha magendo. Narudi mwanzo, ishirini za kweli, moja ya uongo. Usiku baada ya usiku. Kuna usiku, mvua ya mwezi wa nne inapiga bati, nilifumba mkono wa kushoto nikausikia uzito ndani yake. Niliufumbua kwa pupa kuangalia. Haikuwemo. Nilikuwa nimejidanganya mwenyewe peke yangu kwenye kibanda, na nilikaa nimeduwaa, moyo unadunda, nikijua kwamba sasa kweli nimeanza.

Kulikuwa na kasoro nyingine ambayo kioo kilinificha. Nilikuwa na kioo cha kunyolea cha marehemu baba, nimekiegemeza kwenye boksi la vocha, na ndani ya kioo mchezo ulikuwa safi kabisa, hakuna mshono. Nikaweka simu irekodi. Nilipotazama nikashtuka: kila gumba linapoivuta sarafu, napepesa macho. Kila mara, bila kukosa. Kioo kingewezaje kunionyesha, ikiwa dakika ya wizi mimi mwenyewe nimefumba? Wanaofundisha mchezo huu wanalijua gonjwa hilo, linawapata wengi. Dawa yake niliipata kwa kuacha kabisa kioo kwa wiki kadhaa, nikawa nautazama ukuta, kisha simu, kisha uso wa binti yangu.

Na hapo ndipo nilipofika kwenye jambo la macho, ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote haya.

Alikuwepo Mskoti mmoja, John Ramsay, mtu wa mji wa Ayr, aliyefariki mwaka 1962. Kazi yake ilikuwa duka la vyakula, na pamoja na duka hilo alikuwa mmoja wa mikono mikubwa ya sarafu duniani. Nampenda kwa sababu ya duka. Pia nampenda Mmarekani T. Nelson Downs, aliyezaliwa mwaka 1867, karani wa telegrafu kwenye reli kabla ya kupanda majukwaani London mwaka 1899 na kuitwa mfalme wa sarafu. Karani wa telegrafu anasubiri ujumbe uingie. Na mimi nasubiri ujumbe uingie. Lakini Ramsay ndiye aliyeacha funzo ambalo wachezaji wote wanalirudia: ukitaka watu watazame kitu, kitazame wewe, ukitaka wakutazame wewe, watazame wao. Kwa hiyo nikishaweka, lazima macho yangu yaende na mkono wa kushoto kwa sababu sarafu imo humo. Yakirudi kulia hata kwa nukta moja nimejishtaki.

Mwaka 2006 watafiti wawili huko Uingereza, Gustav Kuhn na Michael Land, walilipima jambo hili. Mchezaji alirusha mpira mdogo juu mara mbili, akaudaka, na mara ya tatu akafanya kama anaurusha huku ameuficha kiganjani. Macho na kichwa chake vikiufuata mpira usiokuwepo, karibu theluthi mbili ya watazamaji walisema waliuona ukipanda. Akibaki anautazama mkono, waliosema hivyo ni kama theluthi moja tu. Walikuwa pia na kifaa cha kufuatilia mboni za watazamaji, na hicho ndicho kilichonifanya niweke simu chini na kutoka nje kupata hewa. Macho ya wale waliouona mpira ukipanda hayakwenda juu kuufuata. Yalikuwa yanapitia usoni kwa mchezaji, yanamuuliza yeye mpira uko wapi. Mboni zenyewe hazikudanganyika. Aliyedanganyika ni mwenye mboni.

Nilimpigia mama jioni ile. Anaishi Namayingo siku hizi, kwa kaka. Nikamweleza yote, pole pole, na kwa kuwa yeye si mtu wa mambo ya utafiti nilimweleza kwa mfano wa vifuniko vya chupa. Nikamwambia, mama, nilikuwa naangalia hapo hapo. Kuangalia kwangu ndiko walikokuwa wanakutumia. Kama ningegeuza shingo ningepona. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, "Pole, mwanangu." Miaka yote ile nilikuwa nimeisubiri pole hiyo bila kujua naisubiri.

Hivyo silioni jambo hili kuwa la kitoto, na sikubaliani na wanaoliita uchawi. Hoja hiyo ni ya zamani. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu kizima kupinga kuteswa kwa watu kwa tuhuma za uchawi, na humo ndani akaeleza waziwazi jinsi wachezaji wanavyopoteza sarafu mkononi, ili msomaji aone kwamba ni vidole tu. Kuna wachezaji wanaokasirika siri ikielezwa. Mimi niko upande wa Scot. Nilichokieleza hapa hakitamwezesha mtu kufanya, miezi kumi na minne ndiyo inayowezesha, lakini kitamwezesha msichana mwenye bahasha ya ada kuelewa kwamba uhakika wake ndio chambo.

Lakini lipo ambalo sikulifikiria. Mimi nashika pesa za watu.

Mteja mmoja wa siku nyingi, mzee wa heshima, alinikuta mchana nikimfanyia binti yangu. Alicheka pamoja nasi. Wiki ile ile akaja kutoa pesa, nikamhesabia noti na chenji ya shilingi 1,500, sarafu tatu. Akafika kwenye boda, akarudi. Chenji ni elfu moja. Nikamwambia, mzee wangu, nimekupa tatu. Hakubishana. Aliishusha sauti, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele: "Mwanangu, mikono yako hiyo tumeiona." Nikampa mia tano nyingine. Huenda ilianguka kwenye vumbi, huenda ilipenya kwenye pindo la mfuko, na huenda ni mimi niliyekosea. Sikulala usiku ule. Hajarudi dirishani kwangu, ananunua vocha ng'ambo ya barabara, na tukipishana ananisalimia vizuri na kuuliza watoto.

Tangu hapo mchana sichezi. Pesa ya mteja naihesabu juu ya kaunta, noti moja moja zimelala, sarafu zimetengana, nasema jumla kwa sauti, kisha naondoa mikono yote miwili kabla yeye hajaleta wake. Wengine wanaona napoteza muda. Mazoezi ni ya usiku, dirisha likiwa limefungwa. Na nikicheza mbele ya mtu, nacheza kwa sarafu yake mwenyewe, aliyeitoa kwa hiari, akijua kabisa kwamba nakwenda kumdanganya.

Jumamosi iliyopita mvua ilimkimbiza shangazi na beseni lake mpaka ndani ya kibanda changu. Saa kumi na mbili na nusu, wateja wameisha, harufu ya mukene imejaa kila mahali. Akasema, "Haya, ule mkono wako umefufuka?" Nikamwambia anipe sarafu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa 500 yenye unyevu na gamba moja la samaki limenata kwenye korongo.

Niliiweka. Nikafumba. Nikautazama mkono wa kushoto, na kwa kweli niliamini imo, nilisikia hata ule unyevu wake. Nikaupeleka kwake, nikakaa kidogo, nikamuuliza beseni limebaki na kilo ngapi, akanijibu tatu na robo. Kisha nikamwambia afungue mwenyewe. Akavikamata vidole vyangu, akavifungua kimoja kimoja kuanzia cha mwisho. Kiganja kilikuwa kitupu. Kulikuwa na alama ya maji tu, pale sarafu ilipogusa.

Shangazi alipiga kelele, akapiga paja, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamrudishia mia tano yake. Akaipokea akiendelea kucheka, akaitia mfukoni, na mkono wake ukabaki humo. Niliuona ukisogea ndani ya kitambaa cha aproni, taratibu, ukizipapasa sarafu zake za siku nzima moja baada ya nyingine. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya meza, viganja vikiangalia juu, vidole vimeachana, nikaiacha hapo mpaka alipomaliza.